Tathmini ya mtoto mwenye tabia ngumu: daktari wa watoto, mwanasaikolojia au jopo la wataalamu?

Mtoto anapiga wenzake, hatulii kitini, anavunja vitu akikasirika, au hageuki hata akiitwa mara tano. Shule imeshamwita mzazi. Ndugu wamesema ni malezi. Mzazi mwenyewe anataka tu kujua kuna nini, na anakwama mapema kabisa: aende kwa nani? Njia zipo kadhaa, kila moja ina watu wanaoisifu, na gharama na muda wake havifanani hata kidogo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili uupime unavyosoma. Kwa watoto wengi mlango wa kwanza ni daktari wa watoto, mzazi akiwa na maelezo ya maandishi kutoka shuleni. Anayefuata ni mwanasaikolojia. Jopo la wataalamu liachiwe watoto wachache ambao nitawaeleza. Lakini cheo peke yake hakinishawishi. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, ripoti za tathmini zinapita mezani kwangu, na nimeshakuta ya daktari mmoja ikiizidi ya kituo kizima. Daktari yule alikuwa ameuliza watu wengi zaidi, basi.

Tathmini kamili ina nini ndani

Tabia haisemi chanzo chake. Mtoto asiyetulia anaweza kuwa na ADHD, yaani lile tatizo la umakini mdogo, utukutu na papara. Anaweza pia kuwa hasikii vizuri, halali vizuri, haelewi kinachofundishwa, anaonewa na wenzake njiani, au amefiwa na hajapata wa kumweleza. Ukiwatazama kwa mbali wote hao ni mtoto yuleyule mmoja. Kazi ya tathmini ni kuwatenganisha.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD au usonji (autism). Wataalamu hutegemea historia ya mtoto, kumtazama, na vigezo vilivyoandikwa katika miongozo miwili mikubwa: DSM-5-TR ya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, iliyotoka mwaka 2022, na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa ADHD, DSM inataka dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na papara (kuanzia umri wa miaka 17 zinatosha 5), ziwe zimedumu miezi 6, baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloamua karibu ulinganisho wote. Hakuna mtaalamu anayeweza kulitimiza kwa kukaa na mtoto ofisini tu. Ofisi ni mahali papya, mtu mzima mmoja anamsikiliza, hakuna kelele, hakuna foleni ya kusubiri zamu. Watoto wengi wenye ADHD hutulia pale kwa nusu saa mpaka mama anaonekana mzushi. Kwa hiyo tathmini isiyomfikia mwalimu ni nusu ya tathmini, hata kama aliyeifanya ni bingwa.

Ukiacha hilo la mwalimu, mimi huangalia kama mwili wa mtoto ulikaguliwa, kama historia ilianzia kwenye ujauzito, kama mtoto mwenyewe alizungumza na kusikilizwa, na kama ripoti inasema la kufanya.

Daktari wa watoto: hodari kwa mwili, maskini wa muda

Sababu ya kumweka mbele ni kwamba baadhi ya vyanzo vya tabia ngumu vinatibika, na ni yeye atakayeviona. Mwanasaikolojia mzuri anaweza kumpima mtoto saa tatu, akaandika kurasa nyingi, bila kujua kwamba sikio la kushoto limejaa maji.

Masikio ndiyo mfano wangu wa kwanza kila mara. Baada ya mafua ya mara kwa mara, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki au miezi. Mtoto haumwi, hatoki usaha, lakini usikivu unapanda na kushuka. Jumatatu anasikia, Alhamisi hasikii, na watu wazima wanahitimisha kuwa anachagua la kusikia. Dai kipimo halisi cha usikivu, cha mashine. Kupiga makofi nyuma ya kichwa chake hakutoshi, maana anaweza kusikia kishindo na bado akakosa nusu ya herufi za neno.

Usingizi unafuata. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anageukageuka na kuamka amechoka, huenda ana mafindo makubwa au vinyama vya puani vinavyoziba njia ya hewa. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto hufanya kinyume: anapanda viti, analia kwa jambo dogo, hawezi kungoja. Anayejaza dodoso la ADHD kuhusu mtoto huyo ataweka tiki karibu kila mahali.

Kisha kuna kifafa cha kuzubaa. Mtoto ananyamaza ghafla katikati ya sentensi, macho yanaganda sekunde chache, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku, na mwalimu huandika kuwa mtoto anaota mchana. Daktari anaweza kumwomba apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika chache, kwani hilo mara nyingi huliamsha tukio hapohapo, kisha akathibitisha kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo hicho kina maana pale kifafa kinaposhukiwa. Kwa tabia peke yake hakisaidii, na anayekiuza kama kipimo cha utukutu anakuuzia karatasi yenye mistari.

Daktari pia ataangalia upungufu wa damu na wa madini ya chuma, macho, na inapobidi tezi ya thairoidi na sumu ya madini ya risasi. Atauliza kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, kama alichelewa kulia, kama amewahi kuugua uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata viharusi vidogo visivyo na dalili za wazi, vikadhoofisha umakini kabla mtu hajatambua. Halafu kuna dawa anazotumia tayari. Fenobabito ya kifafa inajulikana kwa kuwafanya baadhi ya watoto wawe watukutu, levetirasetamu huleta hasira kwa wengine, na dawa za pumu na za steroidi zinaweza kumtetemesha mtoto au kumvuruga usingizi na hisia. Wazazi husahau kuzitaja kwa sababu wanaziona ni za ugonjwa mwingine.

Udhaifu wake mkubwa ni muda. Miadi ya daktari ni mifupi, na nje kuna foleni. Ndiyo maana nasisitiza uende na karatasi: akizipata hadithi zote kwa mdomo wa mzazi mmoja aliyechoka, ataamua kwa hizo. Wapo pia wanaomwambia kila mzazi kwamba mtoto atakua na ataacha. "Tusubiri" ni jibu halali likija na tarehe ya kurudi na mambo ya kuchunguza katikati. Likija tupu, tafuta daktari mwingine.

Upande wa pili wapo wanaoandika dawa siku ya kwanza. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 mwenye ADHD, mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani unataka mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia yatangulie, dawa zije baadaye kama hayatoshi. Ukipewa cheti cha dawa kwa mtoto wa umri huo kabla mwalimu hajaulizwa neno, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mwanasaikolojia: anayeona kichwa kinavyofanya kazi

Hapa ndipo wazazi wengi huhisi wamesikilizwa mara ya kwanza, kwa sababu mwanasaikolojia ana saa nzima au zaidi. Anafanya mahojiano marefu na wazazi, anakaa na mtoto, anatuma madodoso shuleni, na inapofaa anampima mtoto uwezo wa kufikiri na wa kujifunza.

Madodoso si mtihani, ila yanasaidia kupanga maneno. SDQ, iliyotungwa na daktari wa akili wa Uingereza Robert Goodman mwaka 1997, ina toleo la mzazi na la mwalimu, na vipengele 25 tu vinavyogusa hisia, tabia, utukutu, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Madodoso ya Vanderbilt yamelenga ADHD zaidi. Linaloniambia mengi mara nyingi ni tofauti kati ya karatasi mbili. Mama ameona mtoto ana hasira na hana utukutu, mwalimu ameona kinyume. Mwanasaikolojia dhaifu huchukua wastani. Aliye makini hupiga simu shuleni kuuliza ni kipindi gani na kwenye somo gani.

Vipimo vya uwezo ni jambo jingine. WISC-V, ambacho ni cha watoto wa miaka 6 hadi 16, kinatoa alama tano tofauti pamoja na ile ya jumla. Wastani ni 100, na karibu theluthi mbili ya watoto huwa kati ya 85 na 115. Ile alama ya jumla ndiyo wazazi huishika na kuitangaza kwa shangazi, na ndiyo isiyosaidia sana. Chukua mtoto aliyepata 115 kwenye kuelewa maneno na 78 kwenye kasi ya kuchakata habari. Anajibu vizuri kwa mdomo, anaelewa hadithi, lakini hamalizi kunakili ubaoni, anakasirika, anachana daftari. Amekuwa akiitwa mvivu mwenye akili kwa miaka. Tofauti ya alama hizo mbili inaeleza tabia yake kuliko mahubiri yote ya nidhamu.

Kuna swali moja ambalo wazazi wachache huuliza na ambalo kwangu ni la lazima: kipimo kilifanywa kwa lugha gani, na alama zililinganishwa na watoto wa wapi? Mtoto anayepimwa kwa lugha anayoisikia darasani tu atapata alama ya chini ya maneno hata kama kichwa chake kizima. Kilichopimwa hapo ni lugha ya shule. Mtaalamu mwaminifu ataliandika hilo kwenye ripoti, na atatumia zaidi sehemu zisizotegemea maneno.

Na tukiwa kwenye lugha: tatizo la ukuaji wa lugha lipo kwa takriban asilimia 7 ya watoto, yaani kama wawili katika darasa la thelathini, na halijulikani kabisa ukilinganisha na ADHD. Mtoto huyu anasalimia vizuri, anacheka, anapiga soga. Mpe maagizo ya hatua tatu, anafanya ya mwisho tu, au hafanyi kitu. Akikemewa hawezi kujieleza, kwa hiyo anasukuma. Mwanasaikolojia anayejua kazi atamtuma kwa mtaalamu wa lugha na usemi kabla ya kuandika neno "mkaidi" popote.

Udhaifu wake? Hapimi mwili, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Jina lenyewe pia linavaliwa na watu wengi: mshauri nasaha, mwalimu wa unasihi aliyehudhuria semina, mkufunzi wa malezi. Wote wanaweza kuwa na faida, lakini si wote wamefunzwa kupima watoto. Muulize leseni yake, na uulize ni watoto wa umri gani anaowaona zaidi. Mtu anayeshughulika na ndoa siku nne kwa wiki hatakuwa mwepesi wa kumsoma mtoto wa miaka 5.

Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto

Wazazi wengi hulikimbia jina, na wanalikimbia hata pale linapohitajika. Kwa tabia ngumu za kawaida si lazima umwanze yeye. Ila mtoto akizungumza kutaka kufa, akijikata au kujiumiza, akisikia sauti, akikaa siku kadhaa bila kulala huku amechangamka kupita kiasi, au ukali wake ukiwa hatari kwa wadogo zake, ruka foleni zote nilizotaja na umfikie huyu, au chumba cha dharura kama ni leo. Anafaa pia pale dawa zimeshajaribiwa na hazikusaidia, au matatizo mawili matatu yamekaa pamoja. Hilo hutokea sana, kwani watoto wengi wenye ADHD wana jambo jingine juu yake: wasiwasi, ugumu wa kusoma, au ukaidi uliokithiri.

Jopo la wataalamu: bora kwa baadhi, mzigo kwa wengine

Jopo ni kikundi: daktari wa ukuaji wa watoto, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lugha na usemi, mtaalamu wa tiba kazi, wakati mwingine ofisa ustawi wa jamii. Likifanya kazi vizuri hakuna njia inayolishinda kwa mtoto anayeshukiwa usonji, aliyechelewa katika maeneo kadhaa kwa pamoja, mwenye kifafa pamoja na ugumu wa kujifunza, au ambaye wataalamu wawili wamempa majibu yanayopingana.

Kwa usonji hasa, jopo lina zana ambazo mmoja mmoja hana daima. ADOS-2 ni kipindi cha dakika 40 hadi 60 ambapo mtaalamu anacheza na kuzungumza na mtoto kwa mpangilio maalumu, akiangalia macho, ishara za mikono, jinsi anavyoshirikisha furaha yake. ADI-R ni mahojiano ya mzazi yenye vipengele 93. Hata hizo hazitoi hukumu zenyewe, zinahitaji watu waliofunzwa wa kuzifasiri. Usizichanganye na M-CHAT-R, yale maswali 20 ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Hayo ni chujio: yanaonyesha nani achunguzwe zaidi, na watoto wengi wanaonaswa nayo hatimaye huonekana hawana usonji.

Sasa mzigo wake. Foleni inaweza kuwa ya miezi, pengine zaidi ya mwaka. Mtoto anapelekwa chumba hadi chumba siku nzima, na kufikia saa nane mchana unachopima ni uchovu. Halafu kuna majopo ya jina tu: kila mtaalamu ameandika kurasa zake, hawajakutana, na mapendekezo yanagongana. Nimeona ripoti ambamo ukurasa mmoja unasema mtoto apunguziwe kelele, na mwingine unasema akae mbele karibu na kengele. Uliza kabla ya kulipa: je, wanakaa kikao kimoja kuhusu mtoto, na je, wanaandika ripoti moja?

Kama umewekwa kwenye foleni, usikae. Kipimo cha usikivu hakihitaji jopo. Tiba ya lugha na mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia yanaweza kuanza bila jina la tatizo, na kwa mtoto mdogo miezi hiyo ina thamani kubwa.

Shule, na madodoso ya simu

Shule inamwona mtoto saa nyingi, katikati ya wenzake, na mara nyingi haitozi kitu. Lakini swali lake ni jingine: je, mtoto huyu anahitaji msaada gani ili asome? Haliulizi ana nini. Chukua inachokijua, usiifanye daktari.

Muombe mwalimu aangalie pia tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ukilinganisha na ya wenzake. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2018 ulilinganisha watoto katika majimbo ambayo mwisho wa kuandikishwa ni tarehe 1 Septemba. Waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kabisa darasani, walikuwa wamepewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka 6 ni mwingi. Huenda huyo mtukutu wenu ni mdogo tu kwa darasa lake.

Madodoso ya kwenye simu yanafaa kukupa maneno ya kumwambia daktari. Yakishakupa jibu lenye rangi nyekundu na tangazo la virutubisho chini yake, funga.

Ukiziweka njia hizi mbele ya watoto tofauti

Mtoto wa miaka 8 anasumbua shuleni tu, nyumbani ni mtulivu. Hapa mwanasaikolojia anampita daktari, mradi macho na masikio yapimwe. Tatizo la sehemu moja mara nyingi lina jibu kwenye sehemu hiyo: kusoma kumemshinda, mwalimu amembadilikia, kuna anayemwonea chooni.

Kinyume chake, shule inamsifu na nyumbani ni vita. Usikubali haraka kwamba basi ni malezi. Wapo watoto, hasa wenye usonji au wasiwasi mwingi, wanaojibana mchana kutwa wasionekane tofauti, kisha wanapasuka wakifika kwa watu wanaowaamini. Mwanasaikolojia atakayezungumza na familia nzima ndiye atakayelitofautisha hilo na nyumba isiyo na kanuni.

Mtoto aliyekuwa sawa akabadilika ndani ya wiki chache: daktari, upesi. Na wakati huohuo, kwa upole na bila kumhoji kama askari, mtu anayemwamini amuulize kama kuna anayemuumiza au kumgusa. Mtoto anayepoteza maneno aliyokwishayajua au ujuzi aliokuwa nao, haijalishi umri, asisubiri miadi ya mbali. Mtoto wa miaka 2 asiye na maneno na asiyegeuka akiitwa: usikivu kwanza, na jina lake liingizwe kwenye foleni ya jopo siku hiyohiyo.

Na kuna mtoto ambaye hakuna aliyemlalamikia. Mara nyingi ni msichana. Anakaa kimya, anasahau daftari, anaanza kazi tano na hamalizi hata moja, analia peke yake. ADHD ya aina hii hupitwa kwa miaka kwa sababu haimsumbui mwalimu. Huyu mpeleke kwa mwanasaikolojia hata kama shule inasema hana tatizo.

Kabla ya kuweka miadi

Piga simu na uulize waziwazi. Je, mtamuuliza mwalimu? Vikao ni vingapi, na mtoto atakuwepo kwenye vipi? Nitakaa na mtu akanieleza matokeo, au nitatumiwa ripoti tu? Mkigundua jambo lililo nje ya fani yenu, mnatuma wapi? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu anayelijibu bila kusita anajua mipaka yake.

Kimbia anayeahidi jibu kwa kikao kimoja, anayetegemea kipimo cha kompyuta pekee, anayeuza picha za ubongo, au anayeuza dawa anayoitengeneza mwenyewe kwa tatizo analoligundua mwenyewe.

Mkononi nenda na kadi ya kliniki, ripoti za shule za miaka iliyopita (maoni ya mwalimu wa darasa la kwanza yana thamani kuliko alama), orodha ya dawa, na daftari la wiki mbili ulimoandika ni saa ngapi, nini kilitangulia, ilidumu muda gani, iliishaje. "Ana hasira sana" haimsaidii mtu. "Jana saa kumi na moja, nilipozima televisheni, alirusha kiatu na kulia dakika ishirini" inamsaidia. Video fupi ya simu ni ya thamani hasa kwa matukio ya kuzubaa, ila usimrekodi mtoto kama kumwaibisha.

Sema pia ya nyumbani: ugomvi wa wazazi, pombe, msiba, mjomba aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili, baba ambaye naye hakuweza kukaa darasani. ADHD na usonji vina mizizi mikubwa ya kurithi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mtaalamu anayefichwa nusu ya habari ataandika nusu ya jibu, kisha mtailaumu tathmini.

Ukishapata ripoti

Isome ukitafuta sehemu ya mapendekezo kwanza. Kama inasema "aendelee kufuatiliwa" na "wazazi washauriwe", rudi ukaulize: afanye nini nani, shuleni na nyumbani, na tutajuaje kwamba inasaidia? Ripoti inayofaa humwambia mwalimu amkalishe wapi, ampe maagizo mangapi kwa mara moja, ampumzishe baada ya dakika ngapi. Inaweza pia kusema kwamba hakuna jina la tatizo kwa sasa. Hilo nalo ni jibu, mradi lieleze kinachoendelea na lini mtoto aangaliwe tena.

Maoni ya pili ni haki yako pale mwalimu hakuulizwa, pale maelezo hayafanani na mtoto unayemjua, au pale matibabu yamefuatwa kwa miezi bila nafuu yoyote. Yasiwe ya kuzunguka tu hadi umpate atakayesema ulichotaka kusikia. Kwa vyovyote, omba nakala kamili yenye majina ya vipimo, tarehe na alama zote, badala ya barua ya muhtasari. Mtaalamu wa pili asipoziona ataanza upya, na vipimo vya uwezo havirudiwi baada ya wiki chache, maana mtoto anayakumbuka maswali na alama zinapanda bila yeye kubadilika.